Naombeni ushauri: Mungu anatawala yote, hata usaliti wa ndugu wa damu?

Mzabibu_Hombolo: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi na mdogo wangu tunalima zabibu shamba moja hapa Hombolo, mauzo anasimamia yeye. Desemba hela zikatoka, akachukua zote akazima simu. Dawa na mbolea nilikopa kwa jina langu, na wenye duka wanakuja hadi mlangoni. Mchungaji anasema Mungu yuko kwenye kiti chake cha enzi. Sawa, ila siku ile alikuwa anaona?

MamaNeema_Kizota: Pole sana baba. Soma Mwanzo 50:20. Yusufu ana miaka 17 anauzwa na kaka zake kwa vipande 20 vya fedha, amesimama mbele ya Farao ana 30. Mungu hakulala.

Kiwanja_Nala: Mimi shemeji aliniuzia kiwanja ambacho alishamuuzia mwingine. Toka hapo biashara na ndugu nimekoma, hata alie.

Wakili_Mtaani: Mleta uzi, hujasema unaomba ushauri wa nini. Huyo mdogo wako yuko wapi sasa hivi?

Mzabibu_Hombolo: Yuko mahabusu Isanga. Kesi nyingine, ya pikipiki ya mtu. Dhamana iko wazi, wanatakiwa wadhamini wawili na amepatikana mmoja. Mama ananililia niwe wa pili. Nimeshamwambia Jumatatu nina safari ya Singida. Sioni kosa langu. Kama Mungu ndiye anayetawala, basi ndiye aliyemfungia. Mimi ni nani nimfungulie?

MamaNeema_Kizota: Hee! Kumbe jambo lenyewe ndilo hili, ulilificha.

Kibaigwa_Mahindi: Subirini kwanza. Zabibu za Dodoma zinavunwa Februari-Machi na Agosti-Septemba. Hela ya Desemba ya zabibu zipi? Ndugu, fedha, gereza... huyu katutungia Yusufu wa Hombolo.

Mzabibu_Hombolo: Mkuu, mzigo wa Agosti tulitoa kwa mkopo, mnunuzi kalipa Desemba. Muulize mkulima yeyote wa huku kuhusu kusubiri hela.

Kibaigwa_Mahindi: Hapo nimekuelewa. Mimi wa mahindi yalishanikuta hayo.

Shemasi_Mvumi: Ndugu yangu, Yusufu alipoona mkono wa Mungu hakuwaacha kaka zake wafe njaa. Aliwapima kwanza: siku tatu kifungoni, kisha kikombe chake kikafichwa kwenye gunia la mdogo wao Benyamini, aonekane mwizi. Na aliyejitoa kuwa dhamana ya Benyamini ni Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu. Unasema Mungu ndiye kafunga. Na hiyo dhamana iliyo wazi kaifungua nani? Usimtwishe Mungu hasira yako. Kulia, wewe lia tu, hata Bwana msalabani aliuliza kwa nini ameachwa.

Wakili_Mtaani: Kumdhamini hakufuti deni lako, hilo lina shauri lake la madai. Ila unaahidi kwamba atafika mahakamani. Akitoroka, bondi, yaani ile hela uliyosaini kuahidi, inakugeukia wewe.

Mzabibu_Hombolo: Ndicho ninachokiogopa. Aliyezima simu jana, kesho hawezi kuizima? Mtumishi, ungekuwa wewe ungesaini?

Shemasi_Mvumi: Kabla ya kusaini ningekwenda kumwona, nimuulize hela ziko wapi. Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu. Umeshakwenda?

Mzabibu_Hombolo: Bado. Kesho nitakwenda na mama. Safari ya Singida sijaifuta.

Shemasi_Mvumi: Mama abaki nje kwanza.