Lancha inaniharibia pingi: niifunge, niibane spidi, au nishughulike na rauta?

Risasi_Baridi

Wakuu, salamu. Wiki ya tatu hii natukanwa na timu yangu kwa kosa lisilo langu. Nacheza gemu ya kurushiana risasi, pingi yangu ya kawaida (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) ni milisekunde 40 hivi. Ghafla inaruka 600, mara 900, adui yuko mbele yangu, kufumba na kufumbua yuko mgongoni, mimi nimeshakufa. Baada ya dakika kadhaa inatulia yenyewe.

Nimechunguza nikaona inatokea tu pale lancha fulani (programu ya kufungulia na kusasishia gemu) ikiwa wazi. Na si lancha ya gemu ninayocheza, ni ya gemu nyingine kabisa. Nikiizima, pingi inatulia. Shida ni kwamba marafiki zangu wako humo na ndimo tunamoongelea kwa sauti.

Laini yangu ni megabiti 20 kwa sekunde kushuka (kupakua) na 2 kupanda (kupakia). Nawaza: niifunge kila nikicheza, nibane spidi ya kupakua kwenye mipangilio yake, niweke masasisho yafanyike usiku, au nihangaike na rauta. Aliyezijaribu zote aniambie ipi inafaa.

KonaYaKushoto

Funga, mkuu. Usitafute mchawi. Ila kumbuka ukibonyeza alama ya X huwa haifungwi, inakwenda kujificha pale chini karibu na saa. Bonyeza kitufe cha kulia hapo uitoe kabisa, kisha fungua Task Manager uhakikishe hakuna mabaki. Baadhi ya lancha huacha huduma ndogo nyuma ambayo inaendelea kusasisha hata dirisha likiwa halipo. Na uiondoe kwenye orodha ya programu zinazowaka na kompyuta.

Risasi_Baridi

Hiyo najua inafanya kazi mkuu, lakini ndiyo hiyo inanitenga na wenzangu.

MzeeWaFoleni

Kabla hujachagua dawa, pima ugonjwa. Fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza andika ping -t ikifuatiwa na anwani ya rauta yako (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ukitumia ipconfig utaiona). La pili andika ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google, iko nje ya nyumba yako). Yaache yakimbie huku lancha iko wazi.

Pingi ya rauta nayo ikiruka, tatizo liko ndani ya nyumba: Wi-Fi, umbali, ukuta. Rauta ikitulia na ya nje ikaruka, laini yako imejaa. Zote mbili zikitulia na gemu bado inakwama, basi mtandao umesingiziwa, angalia diski na prosesa.

Halafu fungua Resource Monitor, kwenye Network, utazame safu mbili: anachopokea na anachotuma. Watu wengi hutazama kupokea tu.

Nungunungu_7

Hiyo ya diski ilinipata mimi. Nilikesha nikibadilisha mipangilio ya rauta, kumbe lancha ilikuwa inafumua mafaili iliyokwisha kuyapakua, na mafaili hayo yamebanwa kweli kweli. Diski asilimia 100, picha zinakatika, lakini namba ya pingi haikusogea hata kidogo. Niliihamishia gemu kwenye SSD nyingine, ugomvi ukaisha. Lagi (mtandao kuchelewa) na kukatika kwa picha ni vitu viwili, ingawa ukiwa na hasira vinafanana.

Risasi_Baridi

Nimerudi na majibu. Rauta inajibu kwa milisekunde 1 hadi 3 muda wote. Ya nje inaruka hadi 950. Na sasa sikilizeni: kwenye Resource Monitor lancha haipokei chochote cha maana. Inatuma! Kama kilobaiti 240 kila sekunde. Inatuma nini na mimi sijapakia kitu?

MzeeWaFoleni

Hapo ndipo penyewe. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kilobaiti 240 mara 8 ni kilobiti 1,920. Laini yako ya kupanda ni megabiti 2. Imekumalizia yote.

Kuhusu inatuma nini: kuna lancha zinazogawa masasisho kwa mtindo wa rika kwa rika. Vipande ulivyokwisha kupakua wewe, kompyuta yako inawapelekea wachezaji wengine. Windows yenyewe ina kitu cha namna hiyo, kinaitwa Delivery Optimization.

Na kwa nini inaumiza gemu: modemu ina foleni ya pakiti, yaani vipande vya data. TCP (kanuni inayotumika kupeleka mafaili) hutuma na kuongeza mwendo hadi ione pakiti imepotea, ndipo ipunguze. Modemu yenye foleni ndefu haipotezi pakiti mapema, inazipanga tu. Tuseme foleni hiyo inabeba kilobaiti 250. Hizo ni megabiti 2, na laini yako inatoa megabiti 2 kwa sekunde, maana yake kila pakiti mpya inangoja sekunde nzima. Gemu yako inatuma vipakiti vidogo vya UDP (kanuni nyingine, isiyongoja uthibitisho), haiombi spidi kubwa, lakini navyo vinasimama mkiani nyuma ya mzigo wote huo. Hiyo ndiyo 950 yako. Jim Gettys, mmoja wa waliotengeneza X Window, alianza kulipigia kelele jambo hili mwaka 2010, na bado kuna modemu zinaliendeleza.

Kwa hiyo kati ya njia zako nne, ile ya kubana spidi ya kupakua haitakusaidia hata ukiibana hadi sifuri. Tatizo lako linapanda, halishuki.

MegaKwaMega

Mnamzungusha bure. Aongeze kifurushi, anunue megabiti 100, mambo kwisha.

MzeeWaFoleni

Mkuu, asome kwanza maandishi madogo. Vifurushi vingi vikiongezwa huongezwa kushuka, kupanda kunabaki pale pale au kunasogea kidogo. Kweli laini pana huimaliza foleni haraka zaidi, sibishi. Ila lancha nayo ikipewa megabiti 100 itazitumia zote 100. Haina adabu ya kubakiza.

KonaYaKushoto

Na zile programu za kuongeza kasi ya gemu? VPN je?

MzeeWaFoleni

Pakiti ya VPN inatokea mlango ule ule na kupanga foleni ile ile. Zinaweza kukusaidia kama njia ya mbele huko ni mbovu. Hapa foleni iko mlangoni kwake.

Dada_Kebo

Niseme kwa niliyoyajaribu mwenyewe, maana nimepita njia hiyo hiyo.

Kubana spidi ndani ya lancha ni rahisi na kunafaa pale tatizo likiwa ni kupakua. Mtego wake ni vipimo. Nyingine zinahesabu kwa baiti, nyingine kwa biti. Mimi niliandika 2 nikidhani ni megabiti, kumbe ni megabaiti, yaani megabiti 16, nikakaa siku mbili nalaani kitu ambacho kilikuwa kinanitii. Kingine, baadhi hazina kikomo cha kupanda kabisa, zina swichi ya kuwasha au kuzima kugawana tu. Itafute hiyo kwanza.

Kupanga ratiba ya usiku sikuipenda. Kompyuta lazima ikeshe, na ile ya kugawana vipande haifuati ratiba ya masasisho.

Kuizuia kwa ukuta wa moto itakukatia na sauti ya marafiki, kwa hiyo ni sawa na kuifunga.

Iliyonifaa kwa kupanda ni kikomo cha Windows chenyewe. Fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

New-NetQosPolicy -Name "Lancha" -AppPathNameMatchCondition "lancha.exe" -ThrottleRateActionBitsPerSecond 500000

Badilisha jina liwe la faili halisi. Kama anayetuma ni ile huduma ndogo ya nyuma, andika jina la huduma, sio la lancha. Sera hii inabana kinachotoka tu, kinachoingia haikigusi, na watu wengi huilaumu kwa sababu ya kutojua hilo. Kwako wewe ndicho hasa unachohitaji.

Nungunungu_7

Na QoS (kupanga data ipi ipite kwanza) ya kwenye rauta? Yangu ina ukurasa wa kuipa gemu kipaumbele, nimeiwasha, sioni tofauti.

Dada_Kebo

Uliipa kikomo cha spidi chini ya laini yako? Usipofanya hivyo foleni inajengeka kwenye modemu, na modemu haijui kipaumbele ulichopanga kwenye rauta. Unapanga watu ndani ya ofisi wakati msongamano uko getini.

MzeeWaFoleni

Ndiyo maana mimi ni mtu wa SQM, yaani usimamizi mahiri wa foleni. Rauta yenye OpenWrt (programu huria ya kuendeshea rauta), unachagua CAKE au fq_codel, ambazo ni njia mbili za kupanga foleni, unaweka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya laini. Kwa Risasi_Baridi ingekuwa kama megabiti 1.8 kupanda na 17 au 18 kushuka. Foleni inahamia kwenye rauta, na huko kila mkondo unapewa zamu yake, hivyo kipakiti cha gemu hakimsubiri mpakuaji. fq_codel imeandikwa rasmi kwenye hati ya kiufundi ya intaneti, RFC 8290 ya mwaka 2018, na CAKE iliingia kwenye kiini cha Linux 4.19 mwaka huo huo.

Kasoro zake nazitaja pia. Unapoteza kiasi cha spidi kwa makusudi. Rauta dhaifu inashindwa laini kubwa kwa sababu kazi yote inafanywa na prosesa. Na kama intaneti yako ni ya mtandao wa simu, spidi inapanda na kushuka kila saa, kikomo kimoja hakikai vizuri.

MegaKwaMega

Yaani tununue rauta ili tupunguze spidi. Haya.

MzeeWaFoleni

Ndiyo, mkuu. Umeelewa vizuri.

Risasi_Baridi

Wakuu, mrejesho. Swichi ya kugawana niliikuta ndani kabisa, imefichwa chini ya mipangilio ya juu ya mafaili, na ilikuwa imewashwa tangu siku ya kwanza. Nimeizima. Nimeweka pia amri ya Dada_Kebo, maana lancha hii siiamini, ikijisasisha inaweza kuirudisha. Nimecheza jioni nzima lancha ikiwa wazi na tunaongea: 41, 43, 40. Ahsanteni sana.

Ila saa moja iliyopita imeruka tena 700. Nikafungua Resource Monitor, lancha imetulia kabisa. Kuuliza, mdogo wangu simu yake ilikuwa inapakia video.

Dada_Kebo

Hapo PowerShell ya kompyuta yako haifiki.

MzeeWaFoleni

Niandikie aina ya rauta uliyonayo, tuone kama inakubali OpenWrt.