Tupeane uzoefu: laibrari za jina moja zilipogombana kwenye seva yako

fundi_mitambo: Wakuu, leo kijana wa ofisini kaniletea skrini imeandika `version 'GLIBC_2.34' not found`. Kajenga programu kwenye Ubuntu 22.04, kaipeleka kwenye seva ya Ubuntu 20.04 yenye glibc 2.31 (glibc ni laibrari kuu ya Linux, yaani faili la msimbo ambalo karibu kila programu hulitegemea). Nimekumbuka mbali. Nani mwingine yamemkuta?

Mvuvi wa Data: Mimi, mara tatu. Jengea kwenye mashine ya zamani kuliko zote unazopelekea. Glibc mpya inaibeba programu ya zamani, kinyume chake haiwezekani.

Mama Seva: Hiyo cha mtoto. Mimi ilikuwa CentOS 7 (aina nyingine ya Linux), saa tano usiku. Programu ya wahasibu inataka glibc 2.28, sisi tuna 2.17. Nikanakili libc mpya (faili la hiyo glibc) ndani ya `/lib64`, nikaielekeza `libc.so.6`, jina ambalo programu hulitafuta, kwake. Nikaandika `ls`: `relocation error`. `cp`, yale yale. `sudo`, yale yale. Nikafungua ssh nyingine (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali), ikagoma. Vidole vikaanza kutetemeka.

Lilibaki dirisha moja tu, la root (mwenye mamlaka yote), kwa kuwa bash yake (programu inayopokea amri) ilishapakia libc ya zamani kabla sijaharibu. `cd` inaitika. `echo *` inanionyesha mafaili, maana amri hizo mbili zimo ndani ya bash yenyewe. Nikampigia kaka aliyenifundisha kazi. Akasema, "Dada, usilifunge hilo dirisha hata nyumba ikiungua. Andika `/sbin/sln /lib64/libc-2.17.so /lib64/libc.so.6`." Hiyo `sln`, amri ya kulielekeza jina kwenye faili, haiombi laibrari kwa mtu, kila kitu kimo tumboni mwake. Nikabonyeza. `ls` ikajibu. Nililia, sioni haya kusema.

tete_kuwanga: Pole sana dada. Moyo umenienda mbio kusoma tu.

Mvuvi wa Data: Mimi iliniokoa `LD_PRELOAD=/lib64/libc-2.17.so` mbele ya `ln -sf`, yaani kuilazimisha amri hiyo ya kuelekeza jina ipakie libc ya zamani kwanza.

Jongoo wa Pwani: Mnajitesa. Wekeni `LD_LIBRARY_PATH` (folda za kutafutia laibrari kwanza) kwenye `/etc/profile`, faili linalosomwa mtu akiingia, yaishe.

Mvuvi wa Data: Ndugu yangu, usipotoshe watu. Hapo umelazimisha programu za kila anayeingia zipitie folda yako kwanza. Kwetu `curl` (amri ya kuvuta data mtandaoni) iliokota `libssl` (laibrari ya usimbaji) iliyokuja na programu nyingine, ikawa inakufa mikononi mwetu ila kwenye cron (kiendesha kazi kwa ratiba) inafanya kazi, kwa kuwa cron haisomi hiyo profile. Tulizunguka siku mbili!

Jongoo wa Pwani: Kwangu ina miaka sita.

Mvuvi wa Data: Tuma `ldd /usr/bin/curl`, orodha ya laibrari inazotumia, tuone.

Jongoo wa Pwani: Nikifika ofisini.

tete_kuwanga: Msiiamini sana `ldd`. Programu yetu ya picha ilikuwa inaanguka na `Wrong JPEG library version: library is 62, caller expects 80`, lakini `ldd` safi kabisa. Kumbe haioni plagini (kipande cha nyongeza) inayoitwa kwa `dlopen` programu ikishaanza kutembea. Kuchungulia `/proc/PID/maps`, orodha ya mafaili programu iliyoyapakia, nikakuta libjpeg mbili zimekaa pamoja. `LD_DEBUG=files`, inayoonyesha laibrari zinavyopakiwa, ndiyo iliyonitajia plagini iliyoleta ya pili.

fundi_mitambo: Hiyo `LD_DEBUG` naijaribu kesho asubuhi. Mama Seva, lile dirisha ulilifunga lini?

Mama Seva: Alfajiri, baada ya kuingia kwa ssh mpya mara tatu.