Nimehama Mahina kwenda Kiseke: taka za huku zinatolewaje?

Mama Kabula Maandazi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari za jioni.

Mwezi uliopita nimehama Mahina, nimekuja Kiseke. Kwa toyo iliyobeba kabati na jiko langu la maandazi, safari haikufika hata saa nzima, kwa hiyo sikudhani kama nimevuka mpaka wowote. Kumbe nimevuka. Mahina ni Jiji la Mwanza, Kiseke ni Manispaa ya Ilemela, na taka nazo zina uraia.

Kule nilishazoea. Alhamisi asubuhi inasikika honi ya gari la taka chini barabarani, basi mtaa mzima mbio: huyu na ndoo, yule na kiroba kichwani, mwingine povu la mswaki bado liko mdomoni. Kijana wa juu ya gari anapokea, anamwaga, anakurushia ndoo yako. Ukichelewa utakaa na magamba na matumbo ya sato mpaka Alhamisi nyingine, na harufu yake umeitaka mwenyewe. Mwisho wa mwezi wanapita kuchukua buku mbili. Mimi nililipa mpaka mwezi wa sita kabisa, ili wasinigongee mlango mikono ikiwa kwenye unga.

Sasa Alhamisi ya kwanza huku, akili ikiwa bado Mahina, nikajaza salfeti yangu, nikaitua kona ya barabara saa kumi na mbili, nikarudi kwenye mafuta yangu. Honi sikusikia. Saa nne hivi napita pale, nakuta kunguru wako kazini, mbwa wawili wanagombea, matumbo ya samaki yametandazwa mpaka mlangoni kwa mtu. Nikajifanya hayanihusu, nikapita.

Shida ni kwamba tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku mwaka 2019, mimi taka naweka kwenye salfeti kuukuu za unga. Na salfeti zangu naziandika kwa makapeni zisipotee mashineni. MAMA KABULA MAANDAZI, herufi kubwa, pande zote mbili. Mjumbe hakuhangaika kuuliza mtu. Alipiga hodi salfeti ikiwa mkononi.

Nimefagia kona nzima watu wamesimama wananiangalia, mgeni wa wiki mbili. Faini nimesamehewa, ila nimeambiwa msamaha huo hauna mdogo wake.

Naomba mnieleweshe. Vijana wa guta, kile chombo cha mizigo cha matairi matatu, wanaingia kwa jirani yangu Jumatatu na Ijumaa, kwangu wanapita kama ni kiwanja kitupu. Ile hela ya Mahina haihamishiki? Halafu nina mwembe mkubwa uani, majani yake ni salfeti mbili kwa wiki, na jirani anasema vijana hawayagusi, wala majivu, wala pampasi (ninalea mjukuu). Nani aliyepanga hivi, na kwa nini kule walikuwa wanabeba kila kitu?

Mstaafu wa Kata

Marahaba mwanangu, karibu Ilemela.

Wanaopanga ni halmashauri, na mjini hapa tunazo mbili. Zamani lilikuwa Jiji moja. Mwaka 2012 Ilemela ikatengwa ikawa na halmashauri yake, Jiji likabaki na upande wa Nyamagana. Tangu hapo kila upande una madiwani wake, sheria ndogo zake za usafi, zabuni zake na mfuko wake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema taka ngumu ni mzigo wa serikali za mitaa, na inawaruhusu kuwashirikisha watu binafsi. Kwamba honi ilie Alhamisi au guta lipite Jumatatu, hilo sheria haisemi, wanapanga wenyewe. Kwa hiyo hela yako ya Mahina imebaki Mahina.

Lakini usije ukaondoka hapa na kauli kwamba Jiji ni gari na Ilemela ni guta. Nimekaa ofisi za kata miaka mingi. Ndani ya halmashauri moja, mtaa huu una kikundi cha akina mama, mtaa wa pili una mzabuni mwenye lori, mtaa wa tatu una kontena tu na kila mtu ajibebee. Inategemea barabara inapitika vipi, nani ameshinda zabuni, na zaidi ya yote nyumba ngapi zinalipa. Pale ambapo nusu ya mtaa inajificha siku ya kukusanya hela, hata mzabuni awe malaika, lori litakosa mafuta. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na waliojificha ndio walikuwa wa kwanza kuja ofisini kulalamika.

Nenda ofisi ya mtaa uandikwe. Vijana wanatembea na daftari, na nyumba isiyo na jina humo kwao ni kiwanja kitupu kweli. Chukua mkataba wako wa pango, maana kama aliyekutangulia kaacha deni watakuonyesha wewe. Ukilipa dai risiti ya mashine au lipa kwa namba ya malipo. Usimpe hela mtu kwa sababu tu amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Na rudi Mahina ukafute jina. Hilo watu hulidharau, halafu baada ya mwaka wanatafutwa kwa deni la nyumba wanayoishi watu wengine.

Jiwe la Mabatini

Mama Kabula nimecheka hadi mke wangu kaamka. Mtu anajisainia taka!

Nyie wenye guta na honi mshukuruni Mungu. Sisi tunaokaa juu ya mawe, gari halifiki, guta halifiki, baiskeli ukiipandisha umeibeba begani. Kutoka barabarani mpaka kwangu ni ngazi sabini na mbili, nilizihesabu siku nilipobeba mtungi wa gesi. Taka tunateremsha wenyewe hadi kwenye kontena, au unampa kijana jero ateremshe. Ukimpa, msindikize kwa macho. Wapo wanaofika korongo la kwanza wanatua mzigo, wanasubiri mvua iwafanyie kazi. Na mvua ya huku mnaijua: korongo lote linashuka, linaingia mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani. Halafu maji ya bomba yanavutwa humo humo ziwani, Capri Point. Yanasafishwa, najua, msinirukie. Ila mimi kila nikiona pampasi inaelea chini ya daraja huwa naisalimia, maana huenda ni ya jirani yangu.

Ada tunatoa sawasawa na wa chini, ngazi sabini na mbili hazina punguzo.

Chupa Tupu

Mama shikamoo. Mimi ni miongoni mwa wale mnaowaita waokota makopo, natembea Nyakato, Buzuruga, Mahina, mara nyingine mpaka huko Kiseke. Sisi Jiji na Manispaa hatuvijui, chupa ni chupa.

Wanaotenganisha taka mji huu ni sisi. Hakuna aliyekuja kwako na pipa la rangi mbili, sawa? Basi tenganisha mwenyewe, utaona salfeti inavyopungua. Chupa za maji na soda za plastiki weka kando, zisiwe na maji ndani. Maboksi yakunje, yasilowe. Bati, waya, sufuria iliyotoboka, hivyo vinakwenda kwenye vyuma chakavu na utapata chochote kitu. Vifungashio vya biskuti, mirija na nailoni nyembamba hakuna anayenunua, hivyo waachie wa guta. Chupa iliyokuwa na mafuta ya kula nayo inasumbua, ioshe au sahau. Usichanganye na pampasi, nakuomba kama mtoto wako. Tunaingiza mikono.

Kuhusu majivu, vijana hawajakuonea. Majivu ya jiko la maandazi yanalala na moto ndani. Mwenzangu mmoja alipakia salfeti ya hivyo asubuhi, alipofika njiani guta linafuka moshi, maboksi yameshika, kaungua mkono na mali kapoteza. Yaache yapoe siku mbili, kisha mwaga kwenye choo cha shimo, yanapunguza harufu na nzi. Mahina walikuwa wanabeba kwa sababu lori lile ni chuma tupu, halijali.

Mnyantuzu Ughaibuni

Dada Mama Kabula, pole na hongera kwa kuhama. Usidhani ni Mwanza peke yake. Mimi niko Uingereza, nilikaa Liverpool miaka mitatu, kisha kazi ikanipeleka Manchester, kwa treni ni kama saa moja tu.

Liverpool pipa la taka za kawaida ni zambarau. Wenyeji hupenda kusema ni kwa sababu ukichagua jekundu umewaudhi Everton, ukichagua la bluu umewaudhi Liverpool, ukizichanganya mji unatulia. Pipa la bluu ndilo la vitu vya kurejelezwa, na unatupia humo vyote kwa pamoja: magazeti, makopo, chupa. Basi nimefika Manchester, naona pipa la bluu, moyo ukatulia, nikasema hili nalijua. Wiki ya kwanza nikalijaza. Narudi kutoka zamu ya usiku, mapipa ya mtaa mzima yamemwagwa, la kwangu limejaa vilevile na limefungwa kikaratasi. Kumbe bluu ya Manchester ni karatasi na maboksi tu. Chupa na makopo vinakwenda pipa la kahawia, mabaki ya chakula na majani ya bustani pipa la kijani. Rangi ni ileile, kazi tofauti. Nilisimama natoa chupa mojamoja kwenye baridi, na jirani yangu bibi wa Kizungu yuko dirishani ananitazama na kikombe cha chai, kama wewe na kona yako.

Huku hakuna anayekugongea mlango kudai buku mbili, hela ya taka imo ndani ya kodi ya halmashauri. Ila majani ya bustani halmashauri nyingi zinayatoza peke yake, kwa hiyo mwembe wako ungekuwa England huenda ungekula hela kuliko unavyokula sasa. Wenyewe wamechoshwa na tofauti hizi, wakaweka utaratibu kwamba kuanzia 31 Machi 2026 halmashauri za England zikusanye aina zilezile za vitu kwa kila nyumba, pamoja na mabaki ya chakula. Rangi za mapipa hawakuzigusa, kila mji unabaki na zake.

Nansio Kwetu

Mapipa manne nyumba moja? Mimi nina shimo nyuma ya migomba. Likijaa nafukia, napanda mgomba juu, nachimba lingine. Kinachobaki nachoma.

Mstaafu wa Kata

Shimo na mgomba ni sawa, babu zetu walifanya hivyo na ndizi tulikula. Ila babu zetu hawakuwa na betri wala plastiki, mwanangu wa Ukerewe. Hizo usichome, moshi wake wanauvuta watoto wako kwanza.

Nansio Kwetu

Nimekusikia mzee. Betri nitaziweka kwenye kopo. Likijaa nitauliza hapa hapa.

Mama Kabula Maandazi

Wabeja sana nyote. Nimechelewa kurudi, wiki mbili hizi nilikuwa kwenye mizunguko ya taka kama nimegombea udiwani.

Mzee uliona mbali. Nilipofika ofisi ya mtaa, mwenyekiti kafungua daftari, nyumba yangu ina deni la miezi mitano. Si langu, ni la kijana aliyekuwa anakaa humu kabla. Nikatoa mkataba wenye tarehe, akasoma polepole, akapiga mstari, akaandika jina langu chini yake. Nimelipa kwa simu mbele yake, ujumbe umeingia, nimeutunza. Mwenyekiti kaniambia pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi nisiwashe mafuta kabla ya usafi wa mtaa kwisha. Nikamwambia sawa, kona ile naijua kuliko yeyote, nipeni nifagie hiyo hiyo.

Mahina nimekwenda Jumapili baada ya kanisa. Mpangaji mpya ni mwalimu, kakubali kutumia miezi yangu iliyobaki na kunirudishia nusu ya hela. Kukubali amekubali, hela sijaiona, lakini jina langu limefutwa nikiwa nashuhudia.

Majani ya mwembe hayana kesi tena. Jirani wa pili anafuga mbuzi, kila asubuhi mwanaye anakuja na kamba, anakusanya mabichi. Makavu nimechimbia shimo kama alivyosema wa Nansio, mgomba nitapanda mvua zikianza. Majivu yanapoa kwenye debe. Chupa nimezitundika ukutani kwenye kiroba chake, kwa hiyo Chupa Tupu ukipita Kiseke uliza kwa Mama wa maandazi. Salfeti nimebaki nayo moja kwa wiki badala ya tatu, na nyingi ya hiyo ni pampasi za mjukuu. Hizo ndizo sijapata jibu lake. Mwenyekiti kasema nizifunge peke yake, vijana watazichukua kwa kuelewana nao, na kuelewana nimeuliza ni shilingi ngapi, akacheka.

Ijumaa guta limesimama kwangu kwa mara ya kwanza. Yule kijana mkubwa kainua salfeti, kasoma maandishi, kamwita mwenzake: "Njoo uone, ndiye huyu." Wameagiza maandazi kumi ya Jumatatu asubuhi.

Jiwe la Mabatini

Wanawe mikono kwanza.