Ofa ya 1.2M Masaki: niombe waongeze au nisaini tu?

Binti wa Tandika
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mhasibu, nipo kampuni moja ya usambazaji Kariakoo mwaka wa nne huu, mshahara 850,000 kabla ya makato. Mwezi uliopita nikaitwa intavyuu Masaki, kazini nikaaga kwamba mtoto anaumwa (Mungu anisamehe, mtoto alikuwa shule anacheza rede), wakaniita raundi ya pili, na jana saa tisa mchana dada wa HR kanipigia nimepata, ofa 1,200,000, barua kanitumia kwenye imeili na wanataka niwe nimesaini mpaka Ijumaa. Mi pale kwenye simu nikabaki asante sana dada asante sana kama vile nimepewa sadaka. Usiku ndo akili inanirudia, kuna niliyesoma naye yupo ofisi nyingine hukohuko Masaki kazi ileile anakula 1.5. Natamani niombe waongeze ila naogopa wasije wakasema huyu ana tamaa wakampa mwingine, ajira zenyewe si mnaziona. Mume wangu anasema saini, usichezee riziki. Bodi ya mikopo ya wanafunzi bado wananidai na kutoka Tandika mpaka Masaki ni daladala mbili asubuhi, mbili jioni. Nishaurini.

Babu Kaunda
Saini dada. Mi 2019 nilijifanya mjuaji nikaomba waongeze, wakasema watanirudia. Mpaka leo nawasubiri.

Kalamu Nyekundu
Dada wewe ni mhasibu halafu unaangalia namba ya kwenye barua? Piga hesabu ya kinachoingia mkononi. Hapo kwenye 1.2M NSSF, mfuko wa pensheni, wanachukua 10% yako, 120,000. Inayobaki ya kutozwa kodi ni 1,080,000, PAYE, yaani kodi ya mshahara, 152,000. Bodi nao 15%, tuchukulie hela yote ni mshahara wa msingi, 180,000. Unabaki na 748,000. Sasa rudi kwenye 850,000 yako ya leo, ukipiga hivyohivyo unabeba kama 568,000. Kwa hiyo hiyo laki tatu na nusu unayoishangilia mkononi ni laki na themanini, toa nauli ya daladala nne kwa siku na chakula cha mchana cha Masaki ambacho sio cha mama ntilie wa Kariakoo, uniambie umebaki na nini.

Na jua hili, ile ya kutozwa kodi ikishavuka milioni, kila laki unayoongezwa wewe kwa sababu ya bodi unaiona 48,000 tu. Kwa hiyo usiende kuomba elfu hamsini ukaona umeshinda, hiyo haifiki hata elfu 25 mfukoni.

Shangazi wa Ajira
Nimefanya HR miaka mingi ngoja niwaambie. Mkuu wa idara akiomba mtu anapewa bajeti yenye chini na juu, na ofa ya kwanza mara nyingi haiko juu kabisa, tunaacha kanafasi kwa sababu tunajua mtu ataomba. Asiyeomba basi, hela inabaki ofisini na hakuna anayekuja kukuambia uliacha hela mezani. Ila na nyie mtuelewe, laki moja ya kwako sisi inatugharimu kama 114,000, kuna 10% yetu ya NSSF, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) 3.5% na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%, kwa hiyo bosi akikunja sura sio kila mara ni roho mbaya.

@Babu Kaunda hebu sema ukweli, uliombaje?

Babu Kaunda
Shangazi nawe 😂 nilimtumia meseji WhatsApp saa nne usiku, hiyo hela ndogo, chini ya 2M siji.

Shangazi wa Ajira
Si ndo hapo. Hiyo sio kuomba, hiyo ni kususa.

Binti, piga simu kesho asubuhi, usiandike. Sema hivi: dada nashukuru sana na kazi naitaka, ila kabla sijasaini naomba tuangalie mshahara, nimefunga hesabu za mwezi mwenyewe miaka minne na nilitarajia 1,500,000, je mnaweza kusogea? Afu NYAMAZA. Wengi mnaharibu hapo, kimya kikizidi sekunde tano unaanza mwenyewe "lakini hata 1.25 sawa tu". Usimtaje mume, usitaje kodi ya nyumba wala ada ya mtoto, hayo hayamhusu. Akisema mshahara hausogei hamia kwenye bima, uliza inakava wewe peke yako au na familia, maana hiyo mara nyingi inatoka fungu lingine na ni rahisi kukubaliwa. Na chochote watakachokubali kiwe kwenye barua, ya mdomo upepo.

Kalamu Nyekundu
Naongezea, usiache kazi ya Kariakoo kabla barua mpya haijasainiwa pande zote. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Na huko uendako jua miezi 6 ya mwanzo ile kinga ya sheria ya kuachishwa kazi bila sababu ya haki huna, kwa hiyo usichome daraja na bosi wa sasa.

Binti wa Tandika
Mrejesho wakuu. Nimempigia saa tatu na nusu nikiwa nimejifungia stoo ya ofisi katikati ya maboksi ya sabuni, mkono unatetemeka. Nikasema kama alivyoniandikia shangazi, afu nikanyamaza, jamani kile kimya nilihesabu maboksi yote ya upande ule. Akasema 1.5 haipo, ataongea na bosi wake. Saa kumi karudi, 1,350,000 na bima ya mimi na mtoto, mume hawamchukui. Nimepiga ya Kalamu, mkononi 820,000. Nimemwambia anitumie barua iliyorekebishwa, imeingia sasa hivi, ila bima wameandika "mfanyakazi" tu, mtoto hayupo. Nimeirudisha. Ile ya kwanza bado sijaisaini.

Shangazi wa Ajira
Umefanya vizuri kuirudisha. Mara nyingi wanakopi barua ya mtu mwingine tu, watarekebisha.

Mdau wa Mbagala
Samahani dada, hiyo nafasi unayoiacha Kariakoo wameshaitangaza? Nina CPA (mitihani ya uhasibu) hatua ya kati. Na watalipa hiyohiyo 850 au kuna kanafasi?