"Tembo in her tumbo": ni Kiswahili kweli, au macho yangu?

Msomaji wa Usiku
Habari zenu wakuu. Niko kwenye Finnegans Wake (1939), riwaya ya Mwairishi James Joyce iliyochanganya Kiingereza na lugha nyingi, sura ya nane, pale wanawake wawili wanafua nguo kando ya mto Liffey huku wakimsengenya Anna Livia, mhusika mkuu wa kike. Nilikuwa karibu kukifunga kitabu, ukurasa mzima unapita sijashika kitu. Mara wanaulizana Anna Livia ana nini mfukoni, na jibu ni hili: "Just the tembo in her tumbo or pilipili from her pepperpot?" Niliinuka kitini! Ni Kiswahili kweli, au ni sauti tu zimegongana? Na kama ni kweli, yale mengine ambayo lugha zake sizijui nitayasomaje?

Kalamu Mbichi
Ni Kiswahili, ndugu yangu. Tembo, tumbo na pilipili haviwezi kukutana kwa bahati kwenye mstari mmoja. Sasa jiulize, tembo gani? Mnyama, au kinywaji? Mimi naona mimba na ulevi vimekaa pamoja kwenye neno hilo, na asiyejua Kiswahili anaambulia mlio tu. Rudi nyuma sentensi moja: "mixed baggyrhatty". Juu juu ni mfuko wa mchanganyiko, lakini ndani umelala Bhagirathi, mto wa India. Sura nzima iko hivyo, majina ya mito kwa mamia yamefichwa ndani ya maneno ya kawaida. Usiyafukue yote, utachoka bure. Isome kwa sauti. Mwaka 1929 Joyce mwenyewe alirekodiwa akisoma mwisho wa sura hii: giza linaingia, wale wafuaji hawasikizani tena kwa kelele za maji. Sikiliza hiyo kwanza, tafadhali, kabla ya kufungua kamusi yoyote.

Binti Irabu
Naongeza dogo. Kwenye Ulysses (1922), riwaya nyingine ya Joyce, paka wa mhusika mkuu Bloom anadai chakula asubuhi: kwanza "Mkgnao", kisha "Mrkgnao", kisha "Mrkrgnao". Njaa inapanda, r zinaongezeka. Sisi tuliozoea tanakali za sauti tunaelewa mara moja. Nilipoligundua hilo ndipo nilipoacha kuogopa maneno yake ya kubuni.

Msomaji wa Usiku
Asanteni sana. Nimesoma kwa sauti kama Kalamu alivyosema, nikaendelea mstari mmoja mbele: "Saas and taas and specis bizaas." Saa na taa! Na hiyo "bizaas" naisikia bidhaa, ingawa "specis" inanivuta kwenye viungo, labda bizari. Kumbe bado anautoa mzigo mfukoni, kimoja kimoja. Jana niliupita mstari huu bila kuuona, kisa ile s ya mwisho.