Mrejesho: Safari yetu ya Madrid

Wapendwa, niliwauliza mimi na mpenzi wangu, sote wanaume, tutasafirije nje kwa usalama. Tumeenda na tumerudi salama! Tulichagua Madrid, maana Hispania iliruhusu ndoa za jinsia moja tangu 2005. Ushauri ulionifaa kuliko yote ni wa kuangalia pia sheria za nchi ya kubadilishia ndege. Tiketi ya bei nafuu ilipitia Doha, na sheria ya Qatar inaadhibu mapenzi ya wanaume kwa kifungo. Tukaongeza hela, tukapitia Lisbon. Hoteli tuliiandikia mapema kwamba tunataka kitanda kimoja kikubwa; mapokezi walitupa funguo bila swali. Jioni, mtaa wa Chueca, unaojulikana Madrid kwa wapenzi wa jinsia moja, tulitembea tumeshikana mikono, mwenzangu anatabasamu muda wote. Asanteni mno!