Kazi ya ualimu Nunavut: nijiandae vipi?

Muulizaji, Toronto:
Shikamooni wakubwa. Nimepata mkataba wa kufundisha Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, kijiji kisicho na barabara, ndege tu. Naondoka Agosti. Baridi nitaivalia, ninachohofia ni kuishi na wenyeji. Aliyepita huko anisaidie.

Dada wa Ottawa:
Marahaba mdogo wangu. Nimefundisha huko miaka mitatu. Wiki ya kwanza nikawauliza watoto, "Mmemaliza?" Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikapandisha sauti kama niko Tanga. Msaidizi wangu, mama wa Kiinuit (Wainuit ndio wenyeji wa huko), akaninong'oneza: "Wameshakujibu mara mbili." Kumbe kuinua nyusi ni ndiyo, kukunja pua ni hapana. Nami nimeinamia daftari nasubiri "ndiyo, mwalimu"! Pua hiyo ingemponza mtu darasani kwetu.

Msikilize sana huyo msaidizi. Yeye ni mwenyeji, na watoto wameshazoea walimu wanaoondoka Krismasi wasirudi.

Siku moja nilimsikia mama akimwita mwanawe wa miaka minane "baba". Nikadhani anambembeleza tu, kama sisi tunavyofanya. La. Mtoto ni somo wa marehemu babu yake, na amepewa jina pamoja na nafasi ya yule mzee. Tangu hapo nikaacha kumkaripia mbele za watu.

Bibi asipokuja mkutano wa wazazi, usiseme hajali. Wengi wa rika lake walipelekwa shule za bweni wakakatazwa lugha yao. Serikali ya Kanada iliomba radhi bungeni mwaka 2008. Nenda wewe kwake. Vua viatu mlangoni, pokea chai, na kimya kikiingia kiache kikae. Utakuta nyama sakafuni juu ya boksi lililokunjuliwa, karibuu aliyegandishwa, mnyama wa jamii ya kulungu (utani wa jina nilishaufanya, hawakucheka), wanakata kwa ulu, kisu chenye umbo la nusu mwezi. Kipande chembamba kinayeyuka ulimini.

Mwezi wa tano usishangae viti vitupu. Wako kambini na familia, wanawinda na kuvua. Wakirudi, waulize walichoona. Hapo ndipo wale wakimya wataongea.

Mwalimu, kaskazini mwa Manitoba:
Naongeza kidogo: haya usiyabebe yote kuyapeleka kwa Wacree, wenyeji wa huku kwetu. Huku ukimwomba mzee akufundishe jambo, unatanguliza tumbaku. Haendewi mikono mitupu. Na asubuhi shuleni kwetu wanafukiza majani. Mimi mtu wa Lamu nilihisi niko nyumbani.

Muulizaji:
Ahsanteni mno. Mimi Mwislamu, kitoweo je? Na unga wa ugali?

Dada wa Ottawa:
Samaki watakutosha, wekundu ndani kama samoni. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kuna msikiti tangu 2016, ila kijijini huenda ukaswali peke yako. Unga uliza leo leo kama orodha ya kuagiza mizigo kwa meli haijafungwa. Meli hufika majira ya joto tu, barafu ikishayeyuka, na mzigo wa ndege utakumalizia mshahara.